Majoho Mawili ya Shule ya Wachawi

Kwenye kiwanda cha sare za shule walimwita Pindo, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja hakushona kitu kingine. Wengine walikata, wengine waliunga mikono ya mashati, wengine walitia vifungo. Sketi ya shule ilipofika mezani kwake ilikuwa imebakiza pindo tu, naye aliikunja, akaipitisha chini ya sindano, akaitupa kwenye kikapu. Alikuwa fundi wa kushona suti nzima tangu usichana wake, ila pale hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mumewe alipomwacha, kaka yake alimpa chumba cha uani kilichokuwa stoo. Aliingia na cherehani ya mkono, godoro na binti wa miaka minne. Kaka akasema, "Kaa mpaka ujipange." Mke wa kaka, wifi yake, alitoa ndoo na mafagio yaliyokuwa mle ndani, akaacha fagio moja nyuma ya mlango. Pindo alielewa. Tangu siku hiyo uwanja ukawa wake kufagia.

Wifi naye alikuwa na binti, rika moja na wa Pindo. Wa wifi aliitwa Malkia, jina la kudekezwa. Wa Pindo, kwa wembamba wake, aliitwa Sindano. Walisoma darasa moja, walilingana urefu, mabega na hata viatu, ndiyo maana viatu vya Malkia vilipochakaa havikwenda mbali.

Walipofika umri wa miaka kumi, shule ikatangaza siku ya hadithi: kila mtoto aje amevaa kama mhusika anayempenda. Wifi alikuja uani na simu mkononi.

"Wifi, hebu ona." Kwenye picha kulikuwa na watoto wenye majoho meusi yenye bitana ya zambarau, sweta za kijivu, tai za mistari, na nembo ya popo kifuani.

"Hawa wanafunzi wa wapi?"

"Wa shule ya wachawi. Ndicho anachotaka Malkia. Kisipungue kitu, hata uzi."

"Na Sindano avae nini?"

"Sindano atavaa sare yake. Kwani mwanafunzi hayumo kwenye hadithi?"

Kesho yake Pindo aliwasimulia wenzake kiwandani, wakacheka mpaka msimamizi akageuka. "Kumbe wachawi nao wana sare," alisema mtia vifungo. "Basi wakichelewa namba ya asubuhi shuleni nao huchapwa." Kisha mama mmoja mtu mzima wa meza ya pasi akasema bila kucheka, "Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Wewe wako ulishampa siku nyingi."

Malkia hakuvumilia kusimama kupimwa. Aliwashwa, alichoka, alitaka maji. Kwa hiyo aliyesimama juu ya kigoda alikuwa Sindano, mikono ameinyoosha, pini zikimzunguka. Alisimama kimya kama sanamu ya dukani. Alikuwa amesoma hadithi za namna hiyo zote zilizokuwamo kwenye kabati la darasa, akawa ndiye anayemwelekeza mama yake.

"Mfuko wa fimbo ya uchawi unakaa ndani, mama. Upande wa kushoto, adui asione ukiichomoa."

"Urefu gani?"

"Kutoka hapa mpaka kwenye kiwiko."

Hakuomba chochote. Jioni tatu alisimama vile, akavuliwa, akaenda kuosha vyombo, na huko kutoomba ndiko kulikomchoma mama yake. Mkataji wa kiwandani alimpa Pindo mabaki ya kitambaa cheusi, yakatosha joho la pili, la Sindano. Bitana akaikata kutoka kwenye gauni lake la hariri ya zambarau, alilokuwa nalo tangu kabla hajaolewa. Joho la Malkia alilishona vizuri, kama kazi. Hili la pili alilishona kwa mkono karibu lote, na nembo akaidarizi mwenyewe, popo mwenye macho mawili madogo mekundu. Sindano alipoliona alikaa chini sakafuni. Hakulivaa mpaka alipoambiwa mara ya pili.

Asubuhi ya siku ya hadithi watoto wote wawili walisimama sebuleni. Wifi alimzunguka Sindano polepole. Alishika bitana kwa vidole viwili, akafunua mfuko wa fimbo, akautazama.

"Hili ndilo zuri," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Malkia, vua hilo. Sindano, mpe mwenzio lako."

"Mama, langu linatosha," alisema Malkia.

"Nimesema vua."

Pindo alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa mezani na chai yake. "Ni nguo tu, dada," alisema. "Msiwacheleweshe watoto."

"Basi Sindano avae lile la Malkia," alisema Pindo.

"Wafanane kama mapacha? Hilo litakaa kabatini."

Sindano hakusogea. Alikuwa amelishika joho kifuani kwa mikono miwili, akimtazama mama yake, akingoja. Pindo alimwendea. "Vua," alimwambia. "Usinitie aibu." Kisha akamfungua vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na mtoto akanyoosha mikono juu kama alivyozoea kwenye kigoda.

Malkia akawa wa kwanza kwa vazi bora. Picha yake ikatundikwa sebuleni, na wageni wakaambiwa joho limeletwa na ndugu aliye ng'ambo.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, kaka, wifi na Malkia walikwenda kutembelea watu. Sindano alitumwa sokoni. Pindo alikuwa chumbani kwa wifi akipanga nguo alizozipiga pasi, akafungua kabati, na majoho yote mawili yalikuwa yananing'inia humo. Anasema alitaka kuigusa tu ile hariri. Lakini mfukoni alikuwa na wembe wa kufumulia, kama fundi yeyote. Alianza chini, akapanda. Alitoa mikono, akatoa bitana, akatoa nembo. Hakukwaruza kitambaa hata mahali pamoja. Alikunja vipande vyote vizuri, akaviweka kwenye rafu kama vinavyongoja kuungwa. Lile joho jingine hakuligusa. Alitoka mle moyo umetulia, na mpaka leo hakatai kwamba alisikia raha.

Wifi aliviona Jumapili. Hakumwita Pindo. Alimwita Sindano, akamwaga vile vipande kwenye meza mbele yake.

"Umefanya nini?"

Mtoto alichukua mkono mmoja wa joho. Alipitisha kidole kwenye ukingo, pale matundu ya sindano yalipokuwa yamejipanga, safi, bila mchano. Mtoto mwenye hasira angekata kwa mkasi. Sindano alilijua hilo, kwani alikuwa amekaa miguuni pa cherehani tangu hajui kusema vizuri. Akainua macho, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Pindo hakufungua kinywa. Mtoto akarudisha macho mezani.

"Ni mimi," alisema.

"Wembe ulitoa wapi?"

"Kwenye boksi la mama."

Wifi aliingia chumbani, akarudi na mkanda wa kaka. Akamkabidhi Pindo. "Mpige mwenyewe, wifi. Nisije nikaambiwa natesa watoto wa watu."

Hapo bado palikuwa na nafasi ya kusema. Pindo aliupokea mkanda. Alimpiga bintiye miguuni na mgongoni, na hakumpiga kwa kujifanya, maana wifi alikuwa akitazama. Malkia alilia kwa sauti kuliko aliyepigwa. Kaka alitoka nje kwenda kuangalia gari.

Wiki hiyohiyo joho lilitakiwa liwe limeungwa upya na kurudi kabatini, na Sindano akapandishwa tena kwenye kigoda. Pini moja ilimwingia ubavuni. Pindo aliiona inaingia. Mtoto hakushtuka wala hakusema.

Walihama pale Sindano akiwa na miaka kumi na minne, wakaenda kupanga chumba karibu na kiwanda. Leo Sindano anauza kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, na nguo zake zote ananunua zikiwa tayari. Humtembelea mama yake Jumapili, hukaa saa moja, haizidi.

Mwaka jana, wakichambua dengu, Pindo alipata ujasiri. "Ile siku ya joho," alisema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Sindano aliokota kijiwe kwenye sinia, akakitupa. "Ningesema ni wewe, tungelala wapi?"

"Ulikuwa na miaka kumi."

"Kumi na miezi miwili."

Pindo anasema alikuwa amejiandaa kwa lawama, hata matusi, na alikuwa na majibu yake. Walimaliza dengu. Sindano alinawa mikono, akachukua mkoba wake, akaaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ile ya baada yake alikuja, wakazungumza habari za mvua.