Upepo Kwenye Breki

Gari lilikuwa limekwisha kutengenezwa, na bado halikwenda kokote. Ukilitazama kutoka getini ungeapa kwamba limetoka kiwandani jana: mgongo wake wa mviringo uking'aa rangi ya maziwa, taa za mbele zimetoa macho, na kutu yote iliyokuwa imeila milango kwa chini imekwanguliwa na kuzibwa kwa bati jipya. Injini, ambayo kwa gari la aina hii inakaa nyuma, iliwaka kwa mguso wa kwanza. Lakini Fundi Taipu akishaiwasha na kuisikiliza kidogo, huizima, akavuta turubai, akaingia ndani kunywa chai peke yake.

Jina hilo la Fundi Taipu lilianza enzi alipokuwa akitengeneza mashine za kupigia chapa maofisini. Mashine zilikufa, jina likabaki. Alikuwa mtu wa vidole vyepesi na kichwa kigumu, na gari hili alilinunua mwaka aliooa kwa sababu moja tu: injini yake haipozwi na maji, inapozwa na upepo. Feni inaupuliza juu ya vyuma, basi, hakuna rejeta ya kutoboka. Zamani wapita njia walikuwa wakiwaona wameegesha kando ya barabara, wanawakimbilia na ndoo za maji, na mkewe anachungulia dirishani na kuwaambia, "Asanteni, hili halina kiu. Mwenye kiu ni mimi." Na kweli alikuwa anakunywa.

Mke huyo alifariki gari likiwa limekaa uani miaka mingi bila kuwaka. Baada ya mazishi watu walitawanyika, nyumba ikabaki na ukimya wa kuudhi, ule wa kumfanya mtu asikie friji ikikohoa. Ndipo mzee alipolivua gari turubai. Aliifungua injini nzima akaipanga kipande kimoja kimoja juu ya meza ya kulia, maana hakukuwa na mtu wa kumgombeza. Mwanzoni aliufurahia uhuru huo. Baadaye alikuwa anakula amesimama jikoni, na angetoa chochote amsikie mtu akimuuliza kama pale mezani ndiyo gereji.

Kazi zote alizimudu, isipokuwa breki.

Breki za gari hili zinasukumwa na mafuta yanayopita kwenye mirija, na upepo ukiingia humo mguu unazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kuutoa upepo si kazi ngumu, ila inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine analala kwenye gurudumu, anafungua nati ndogo, mafuta yanaruka pamoja na upepo, anaifunga, ndipo yule wa juu anaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi wote na mnaanza upya. Kwa hiyo lazima msemezane. "Kanyaga," mume alikuwa akisema. "Nimeshika," anajibu mke. "Achia." Mke aliifanya kazi hiyo tangu ujana wao, miwani puani na bakuli la njegere za kumenya mapajani. Akicheleweshwa hanyamazi. "Wewe baba, umelala huko chini? Mguu umekufa ganzi." Lakini hakuwahi kuachia kabla ya kuambiwa, hata mara moja.

Sasa mzee alijaribu peke yake. Alikata mpini wa ufagio, akaukaza kati ya kiti na pedali. Akalala, akafungua nati. Pedali ikazama, mpini ukachomoka, upepo ukarudi. Akajaribu tofali, likaanguka na kuchana zulia jipya. Na jambo la aibu ni kwamba kila akilala chini, mdomo ulikuwa ukitamka wenyewe, "Kanyaga," halafu anasubiri. Anamsubiri nani? Mpini wa ufagio. Alijiona mjinga, akaiweka spana chini, akavuta turubai.

Mtu asidhani kwamba alikosa wa kumsaidia. Mtaa wa pili alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshonaji mwenye ulimi mwepesi kuliko cherehani yake. Kila alipoleta chakula aliuliza, "Shemeji, hilo gari ni la kupanda au la kupambia ua? Sema nikukanyagie." Na kila mara mzee alijibu bado kidogo, akapokea chakula mlangoni na kumshukuru harakaharaka. Shemeji alidhani ni maringo ya ufundi. Wala hayakuwa maringo. Dada hao wawili hawakufanana sura wala umbo, ila sauti yao ilikuwa moja. Kwenye simu hata mama yao alikuwa akiwachanganya. Shemeji akisema "hodi" tu, moyo wa mzee unaruka juu, kisha unaanguka vibaya. Alijua akimkalisha kwenye kile kiti, lile neno, "Nimeshika," litatoka kwa sauti ileile, na hilo alikuwa analiogopa kuliko kitu chochote. Bila neno hilo gari halitoki getini.

Asubuhi moja alitaka kulisogeza kivulini aoshe vioo. Akalegeza breki ya mkono, akasukuma kidogo, akasahau kwamba ua wake unainamia barabarani. Gari likaanza kuondoka. Mzee akalikimbilia, akajitupa ndani, mguu ukatafuta pedali kwa mazoea ya miaka mingi, na pedali ikazama kama inakanyagwa kwenye tope. Kabla hajaikumbuka breki ya mkono, nguzo ya geti ikalisimamisha. Bampa jipya likapinda.

Shemeji, aliyekuja na bakuli la chakula, alimkuta bado amekaa kwenye usukani.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi toka hapo, nikae mimi. Maana ukiendelea na ujeuri huu tutakuzika na wewe."

Mzee hakutoka. Aliangalia usukani, akasema, "Shemeji, si ujeuri. Ni sauti yako. Ukiongea namsikia yeye."

Shemeji aliweka bakuli juu ya gari, kitu ambacho siku nyingine kingezua ugomvi. "Unadhani mimi simsikii?" akasema. "Wewe unamsikia nikipita. Mwenzio ninaye humu kooni kutwa nzima."

Walilisukuma gari pamoja hadi mahali pa tambarare, wakaweka mawe kwenye magurudumu. Kazi inaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, kule nyuma. Mzee alilala chali.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga. Halafu?"

"Unasema, nimeshika."

"Nimeshika," akasema shemeji.

Mzee alibaki na spana mkononi bila kuizungusha. Machozi yalimteremkia masikioni, na hakuyafuta.

"Shemeji, umelala huko chini?"

"Sijalala," akasema. Akafungua nati.

Wakaendelea hivyo, gurudumu baada ya gurudumu, mzee akizidi kuisogelea ile sauti. La mwisho lilikuwa la mbele, upande wa dereva, ambako aliweza kuona ncha ya kanga ya shemeji imebanwa na mlango. Mafuta yalitoka safi, bila povu. Akaikaza nati, akaifuta, akaiweka spana chini kando yake. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Kanyaga," akasema.

Shemeji alikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, haikuzama hata kidogo, na mguu wa mtu wa cherehani hauhitaji kufundishwa habari za pedali. Akachungulia dirishani, akaiona spana imelala chini na mikono ya mzee imetulia kifuani.

"Nimeshika," akasema, na akaendelea kushika.