Mistari ya Chaki Ukutani

Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, hatoki bila chaki mfukoni, ingawa ubao wa mwisho aliuaga miaka tisa iliyopita. Siku alipoteremka kwenye chumba cha chini ambamo mama hushonea nguo, maji yalikuwa magotini na cherehani ilikuwa juu ya kiti kilichopandishwa juu ya meza. "Yakiifikia hapo, Mwalimu, nimeacha ushonaji," mama alisema. Fundi bomba, aliyesimama kando yake, alikuwa ameshatamka kwamba ni maji ya mvua. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, lakini fundi hakuliona hilo kuwa tatizo.

Jirani alikunja suruali mikunjo mitatu iliyolingana, akachora mstari ukutani usawa wa maji, akaketi ngazini kama anayesimamia mtihani. Aliyekohoa alitazamwa juu ya miwani. Kila robo saa alichora mstari mpya, juu kidogo ya uliotangulia. Baada ya wa nne akamwambia mama, kwa sauti ya kuita majina darasani, "Dada, hebu kafunge koki kubwa ya nje." Mama akafunga. Robo saa ikapita, maji hayakupanda hata unywele.

"Fundi," akasema kwa upole wa kutisha, "mvua yako ina koki."

Fundi alibomoa ukuta nyuma ya kabati, akakuta bomba limepasuka. Jirani hakucheka, alichora tu alama ya vema kando ya mstari wa mwisho, akapanguza vidole. Mama amepaka chumba kizima rangi mpya, akiizunguka alama ile kwa brashi ndogo, na cherehani inanguruma chini yake.