Shanga za Wino wa Kijani

Mama yangu alifagia kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, na mpaka anastaafu hakuweza kusoma hata jina la kiwanda lililoandikwa getini. Watu wakimtania kwa hilo alikuwa wa kwanza kucheka. "Nimeoga maandishi miaka yote hii," alisema, "na bado sijalowa."

Kilichokuwa uchafu kwa wenzake, kwake kilikuwa mali. Kingo za kalenda, mabango yaliyochapwa yakapinda, majalada yenye rangi iliyomwagika: vyote aliviomba kwa msimamizi, akavileta nyumbani kwenye gunia. Baba alikuwa amekufa tukiwa wadogo, na nyumba ilikuwa tupu. Akaijaza kwa mikono yake. Fremu za picha alitengeneza kwa maboksi. Kofia ya taa ilikuwa mabaki ya kalenda, ukiiwasha unaona mwezi wa Machi ukutani. Majirani wakamwita Mama Makaratasi, naye akaitika.

Lakini kazi aliyoipenda ni shanga. Nitaieleza, kwa sababu ni rahisi na kila mtu anaweza. Unakata karatasi pembetatu ndefu, upana wa kidole upande mmoja, upande wa pili inaishia ncha. Unaanza kuviringisha kwenye sindano ya kufumia, upande mpana kwanza, ukikaza. Ncha unaibandika kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kwa maji. Unachomoa sindano, unaacha ikauke, kisha unapaka vanishi juani, na hapo ndipo hung'aa. Karatasi moja ya daftari ilimpa Mama shanga kumi na mbili, hazizidi wala hazipungui.

Na nyumba yetu ilikuwa na sheria moja. Karatasi ya kutunza huwekwa kwenye droo. Karatasi iliyowekwa kwenye kigoda cha dirishani ni ya mkasi. Mama hakuuliza, angechaguaje na hakujua kusoma? Bili ya maji ya mwaka fulani iliishia kuwa mkufu wa jirani. Cheti changu cha kumaliza shule nilikiokoa mkasi ukiwa umeshafunguka. Tulicheka sana siku hizo.

Kaka yangu ndiye aliyeacha kucheka. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne, mtanashati, na siku alipowaleta watu wa upande wa mchumba wake, Mama aliwaonyesha kila kitu. Aliwashikisha pazia la shanga la mlango alilokuwa ameanza kulitunga. "Karatasi tupu hizo," aliwaambia kwa fahari. "Hazijanigharimu kitu." Wageni wakatazamana. Walipoondoka, Kaka akasema, "Mama, nitaoaje nikiwaleta watu kwenye jalala?"

"Jalala ndilo lililokulea," Mama akamjibu. "Kama linakukera, mlango ule pale."

Asubuhi yake alikuwa ameondoka. Na mimi sikumzuia. Usiku ule nilimwambia aende zake tupumue, kwa kuwa ulimi wangu nao haujawahi kuwa na breki. Hasira hasara, tunawafundisha watoto darasani kila siku, na sisi wenyewe tunapita juu yake kama kizingiti.

Miaka miwili hatukusikia neno. Simu zilikuwa za wenye uwezo, na sisi hatukuwa miongoni mwao. Mama aliviringisha shanga, pazia likazidi kushuka, na mara kwa mara bila mtu kumuuliza alisema, "Nilisema atoke. Sikusema asirudi." Hilo tu ndilo alilotaka kujua hapa duniani: kama mwanawe alikuwa bado na kinyongo naye. Mimi nilikuwa na kinyongo changu. Kaka aliniachia mama, paa linalovuja na kila kitu, akaenda kuwa huru.

Jumatatu moja dereva wa lori alinisubiri nje ya shule ninayofundisha. Alinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, haina bahasha. "Kaka yako tupo naye kule mbali, kwenye kazi ya ujenzi," alisema. "Amesema umsomee mama yenu, polepole."

Nilipoona wino wa kijani ukipenya kwa nyuma, sikuhitaji kuuliza zaidi. Kaka aliandika kwa kijani tangu akiwa mwanafunzi, akachapwa kwa hilo, na hakuacha. Nilipaswa kuifungua palepale. Badala yake nikasonya. Miaka miwili, halafu karatasi moja! Nikaipachika katikati ya bunda la majaribio ya wanafunzi niliyokuwa nampelekea Mama, nikaenda nyumbani nimenuna.

Nafika, sufuria inafurika jikoni. Nikatupa bunda kwenye kigoda na kukimbilia moto. Wakati wa kula niliikumbuka barua. Nikajiambia nitaitoa baadaye, acha kwanza naye asubiri kama tulivyosubiri. Baada ya kula nikasahihisha madaftari, kisha nikalala.

Asubuhi kigoda kilikuwa kitupu. Mama alikata karatasi nane nane kwa pamoja, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akiviringisha kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona. Sinia lilikuwa limejaa shanga mbichi. Nilisimama mbele ya sinia lile. Sikumwambia Mama. Nikajipa moyo kwamba dereva akirudi nitamtuma amwambie Kaka aandike nyingine.

Alhamisi tukaletewa habari kwamba ukuta umemwangukia kazini.

Sitaeleza mazishi. Nitaeleza tu kwamba siku ya tatu dereva yule alikuja kutupa pole, akakaa mbele ya Mama na kusema, "Angalau barua yake ilikuwahi, Mama."

Mama akanigeukia.

"Iliwahi," nikasema. "Nilikuwa nasubiri utulie nikusomee."

"Nisomee."

"Nimeiacha shuleni."

"Basi niambie unachokikumbuka."

Nikaitunga palepale, nikiutazama mtandio wangu. Nikasema: Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Maneno niliyokuambia siku ile yananirudia kila nikikaa kula. Nikisikia mkasi popote, hugeuka nikidhani ni wewe. Nikipewa ruhusa nitakuja, na nitapita kwenye pazia lako nimeinama.

Mama alijifunika uso akalia, na mimi nikalia zaidi yake, watu wakidhani ni msiba tu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka tisa. Wakati mwingine ilipita miezi, wakati mwingine ilikuwa mara mbili kwa wiki. Akiwa anachambua mchele, au ameketi na sindano yake, alisema, "Mwalimu, hebu nisomee ile barua." Nami niliisema, neno kwa neno, maana niliogopa kuteleza. Hakuwahi hata mara moja kuomba kuishika barua yenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, mjinga mimi.

Pazia lilikamilika, likatundikwa. Kila nilipopita niliinama kidogo nikitafuta rangi ya kijani kati ya zile shanga, na sikuiona. Nikadhani vanishi imeifuta.

Mwaka wa tisa Mama alilala kitandani na hakuinuka tena. Mchana mmoja, jua likiwa limefika miguuni pake, aliniambia nimletee kopo la vifungo lililokuwa juu ya kabati. Alichokora ndani kwa vidole akatoa uzi mfupi wenye shanga zilizofifia, zisizo na mng'ao hata kidogo. Hazikuwa zimepakwa vanishi. Kila moja ilikuwa na michirizi ya kijani.

Nilikaa chini sakafuni.

"Niliziona Jumatano ile, nilipozitoa juani nizipake," alisema. "Juani bado nilikuwa naona rangi. Wanafunzi wako hawaandiki kijani, na wewe unasahihisha kwa nyekundu. Nikaziweka kando, nikakusubiri uniambie."

"Mama..."

"Zihesabu."

Nilihesabu kumi na moja.

"Mmoja niliuloweka," akasema. "Nilitaka kujua kama zikikunjuliwa mtu anaweza kusoma. Maji yakawa kijani, karatasi ikabaki nyeupe. Usiziloweke hizo nyingine."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama siku ile mbele ya dereva alijua kuwa natunga.

"Nilijua hukuisoma. Ungekuwa umeisoma ungenirukia nayo siku hiyohiyo, iwe na mema au matusi. Wewe unaweza kukaa na neno?"

"Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka tisa, Mama! Kwa nini uliniacha niseme na kusema?"

Alivuta pumzi kwanza. Pumzi zilikuwa zimeshaanza kumwia nzito. "Aliyekata ni mimi. Ningekuambia, tungekuwa wawili wa kulia juu ya kosa langu." Nikataka kumkatiza, kwamba kosa ni langu, kwamba ni mimi niliyeiweka kigodani na kinyongo changu, akaninyamazisha kwa mkono. "Halafu hiyo yako ilikuwa nzuri. Ya kwake sijui ilisemaje. Huenda alinitukana."

"Asingekutukana."

"Hujui. Wala mimi sijui." Akanikabidhi ule uzi, akafumba macho. "Nisomee."

Nikaanza. Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Maneno yalitoka vipandevipande. Maneno niliyokuambia siku ile yananirudia kila nikikaa kula. Nikipewa ruhusa nitakuja...

"Umeruka pale pa mkasi," Mama akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Nikarudi nyuma, nikaanza upya.