Jiwe Ambalo Halikuingia Kinuni

Harufu ya jiwe linalopondwa ni kavu, ya vumbi na chuma kilichogongana, na hukaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Nilikua nayo. Mama yangu, Mama Kulwa, alikuwa mponda mawe katika kambi ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Msimu ule wa choroko nilikuwa darasa la tano, na nikitoka shule nilikwenda kumsaidia kuchekecha. Wanawake walikaa mstari mmoja chini ya turubai, kila mmoja na kinu chake cha chuma, na mlio wa michi haukukoma mpaka jua lizame.

Alasiri moja nilikuwa kisimani nyuma ya kambi. Niliona mstari wa moshi mweupe ukichoreka angani, kisha ikaja ngurumo iliyotikisa maji ndani ya ndoo. Hapakuwa na wingu hata moja. Kambini wote walidhani baruti imelipuka duarani, ndani ya shimo ambamo wanaume walikuwa wakichimba. Wanawake waliacha michi wakakimbia. Kamba ikavutwa, wanaume wakatoka mmoja mmoja, wazima, wakiuliza nani analipua huko juu. Ndipo Mama, akirudi kwa kukatisha kwenye choroko zetu, alipokuta kishimo kipya na ndani yake jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, jeusi kama ukoko wa ugali ulioungua. Pembeni lilikuwa limebanduka, na humo ndani lilikuwa la kijivu, lenye vichembe vinavyometa.

Jiwe linalometa halikuwa mali ya mtu mmoja pale kwetu. Lilikuwa na mgawo wa mwenye duara, mgawo wa mwenye shamba na mgawo wa wachimbaji, na haligawanywi mpaka liwe unga. Mwenye duara, Bwana Shija, alikuwa ameshatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, ile aliyoitumia kuondoa chuma kwenye mchanga wa dhahabu. Mwalimu wetu wa sayansi, aliyefika akihema, akamwomba angoje. Alilipiga jiwe picha, akaituma kwa mtaalamu wa miamba aliyesoma naye, na simu ilipoita akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Msilioshe, msilichome moto," sauti ya mwanamke ilisema. "Na sumaku msiisogeze kabisa, itafuta kumbukumbu zilizomo. Kesho niko hapo."

"Jiwe lina kumbukumbu?" Shija aliuliza. "Mbona mke wangu anasema hata mimi sina?"

Watu walicheka, lakini sumaku hakuirudisha mfukoni mpaka Mama alipolifunika jiwe kwa gunia safi na kulibeba nyumbani.

Asubuhi wachimbaji walikuwa mlangoni kwetu. Mtaalamu alikuwa amepiga simu kwamba basi alilopanda limeharibika njiani, kabla ya Kahama.

"Mama Kulwa, lete jiwe," Shija alisema. "Mgawo ni mgawo."

"Msubirini mgeni."

"Mgeni akilibeba, sisi tugawane nini? Upepo?"

"Wenye almasi kule Mwadui si walianza hivihivi, mayu?" alidakia Mabula, kijana mwenye mikono minene kuliko wote. "Unatuzuia tusitajirike."

Shija akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kama hutaki, kesho usije na kinu chako kwenye mstari."

Kinu kile ndicho kilichotulisha. Nilimtazama Mama nikitaka alitoe jiwe yaishe. Aliingia ndani, akatoka akiburuta mfuko wake wa mawe, ule aliokuwa akiujaza kidogokidogo tangu msimu uanze, jiwe moja hapa, jingine kule, kwenye kifusi walichoacha wengine. Aliuweka miguuni pa Shija.

"Pondeni huu kwanza. Mgawane wote, mimi simo. Ukiisha mgeni hajafika, jiwe ni lenu."

Wakaubeba mpaka kwenye vinu. Sijawahi kusikia michi ikienda kasi namna ile. Mabula alikuwa akiponda bila kupumzika, nami niliutazama mfuko ukilegea, halafu barabara, halafu mfuko tena. Walipoosha unga wa kwanza, uzi wa njano ulijichora kwenye ukingo wa karai, mnene kuliko wowote niliouona msimu ule. Wanaume walipiga kelele. Mama aliutazama mara moja tu, akageuza uso.

Yalikuwa yamebaki mawe ya kushika kwa mikono miwili pikipiki ilipotokea. Mtaalamu alikuwa dada mdogo tu, kope zimejaa vumbi. Akasema "Shikamooni," akavaa glovu na kulifunga jiwe kwa karatasi ing'aayo ya alumini kama mtu anayemvisha mtoto mchanga.

"Ukifika nalo utalifanya nini?" Shija aliuliza.

"Nitalikata. Kipande kimoja kiwe chembamba mpaka mwanga upite. Kingine kidogo tutakisaga."

"Kumbe na nyinyi mnaponda!"

"Tunaponda, baba. Ila tunatafuta umri."

Shija akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama Kulwa, kesho uje na mchi wako."

Kisha mtaalamu akauliza nani aliuona moshi. Wote wakanigeukia, nikajificha nyuma ya Mama. Hakunilazimisha kusema. Alinipeleka kisimani, akaniambia ninyooshe mkono pale ulipoanzia, kisha pale ulipoishia, naye akaiweka simu juu ya mkono wangu kupima mwinamo. Alisema wakipata mikono ya watu wa vijiji vingine wataifuata njia hiyo kinyumenyume, labda mpaka kati ya Mirihi na Mshtarii, ambako mawe yaliyosalia sayari zilipoumbwa bado yanalizunguka Jua.

Leo nafanya kazi kwenye karasha, mashine inayosaga kwa saa moja kazi ya mstari mzima wa akina mama. Kambi ile haipo. Dhahabu ilipopungua watu walihamia kwingine, maduara yakafukiwa, majani yakaota. Juzi mwalimu alinionyesha kwenye simu picha ya kile kipande chembamba, kimejaa viduara vya rangi, vya zamani kuliko Dunia yenyewe. Juu yake pameandikwa Ilalambogo. Ndivyo ilivyo desturi, kimondo huitwa jina la mahali kilipoangukia. Basi siku hizi wanaolitaja jina la kambi yetu ni wataalamu wa nchi za mbali, ambao hawajui kama paliwahi kuwa na kisima.

Nilimweleza Mama. Aliuliza kama wameshamaliza kulisoma. Nikamwambia bado.

"Basi wasiharakishe," alisema.