Udhu wa Pili

Naona haya kuandika haya. Hapa Kismayu, katika utafiti wetu wa mazoezi ya viungo, mimi ndiye ninayewafundisha wanawake kunyanyua uzito bila mkojo kuwaponyoka. Niliwauliza, wote wakakana shida hiyo. Nami nikajigamba kwamba haijawahi kunipata tangu nizae.

Adhuhuri ilikaribia, tukatia udhu mapema, kisha tukanyanyua madumu ya maji. La kwanza tu, mkojo ukaniponyoka, udhu ukatenguka. Adhana ilipolia nikachomoka mbio hadi bombani, nikiomba nisionekane.

Nyuma yangu nikasikia kandambili. Bi Esha, mkubwa wao kwa umri, alishika kopo la kutawadhia.

“Kumbe nawe mchu kama sisi,” akasema kwa Kibajuni, yaani mtu kama wao. Nyuma yake, foleni ya wanawake wenzake, kila mmoja na kopo lake, ilifika mlangoni.