Ukimya wa Chumba cha Mdogo Wangu

Msichana wa chuo alikuja studio kwa mdogo wangu kusomea kazi za fundi wa kurekodi sauti. Akatafuta pa kukaa, akakosa. Chumba kile kina kiti kimoja tu, cha fundi mwenyewe. Ikabidi akalie boksi la spika, magoti yakimfika kidevuni, akaanza maswali yake.

"Kazi zako hapa ni zipi?"

"Zote," akasema mdogo wangu.

Nilikuwa mlangoni nimemletea chakula, nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii. Zamani, akamweleza, studio ilikuwa na watu. Huyu anapanga maikrofoni, yule anarekodi, mwingine anachanganya sauti na ala, na hakosekani wa kukunja nyaya na kuchemsha chai. Siku hizi ni yeye na kompyuta. Waimbaji wanajirekodi nyumbani, wamejifungia na nguo kabatini, wanamtumia sauti kwa mtandao, anazinyoosha, anawarudishia. Yupo mwimbaji amefanya naye kazi miaka, hajui hata kama ni mrefu au mfupi.

"Na ngumu kuliko zote?"

"Kuondoa. Pumzi, kikohozi, mlio wa kiti, mbwa wa jirani. Vyote vitoke, na mtu asijue kama vilikuwepo."

Msichana akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mdogo wangu akabaki analitazama lile boksi.

"Si ununue kiti basi, watu wakija?" nikamwambia.

"Nani anakuja, dada?"

Mimi kumgombeza ndiyo kazi yangu tangu anatambaa, lakini siku hiyo nilimfunulia chakula chake tu. Mke wake aliondoka akisema amechoka kuolewa na mgongo. Na kweli, ukiingia mle unakutana na mgongo na hedifoni, unaweza kusimama mpaka miguu iote mizizi.

Halafu ana kituko chake kimoja. Ukikata kikohozi kwenye sauti panabaki shimo, na sikio linashtuka. Kwa hiyo kabla ya kurekodi mtu, anarekodi kwanza chumba chenyewe, kimya, ili apate viraka vya kuzibia. Mafundi wengine kazi ikiisha wanavifuta. Yeye anavitunza vyote! Ana ukimya wa kumbi, wa madarasa, wa vyumba ambavyo vilishabomolewa. Nilimwambia, "Baba, wenzako wanakusanya viwanja." Akacheka peke yake kama kawaida yake.

Basi mama akaugua koo. Daktari akasema uvimbe lazima utolewe, na sauti itakwenda nao. Mama alilipokea vizuri kuliko sisi. Mdogo wangu akasema, "Nitamrekodi. Sauti haiendi popote." Sijawahi kumwona amejaa uhakika namna ile. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama akishanyamaza, niwe na mahali pa kumsikia akiniita.

Tukampeleka studio, akakalia kile kiti kimoja. "Mama, tulia kidogo usiseme kitu, narekodi chumba," mdogo wangu akamwambia, kisha akatoka kwenda kuzima feni ya ukumbini, ambako mimi nilikuwa nalinda mlango watu wasipite na kelele zao. Aliporudi, akafunga mlango na kuanza kazi yenyewe, mama akazungumza hadi akachoka, nami namsikia kupitia mlangoni. Akasimulia tulivyozaliwa, akatuita kama alivyokuwa akituita tukichelewa kurudi nyumbani, akacheka, akakohoa, akaomba maji. Wiki ile ile akapasuliwa.

Alipotoka hospitali, shingo ikiwa na bandeji, mdogo wangu akaja nyumbani na spika, amevaa shati la pasi. Tukakaa. Sauti ikatoka. Jamani! Ilikuwa safi, imenyooka, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakuna pumzi. Hakuna kile kikohozi chake, wala kile kicheko kinachoanzia puani, wala "mh!" yake anapotaka kukusema. Jina langu lilikuwemo, ila aliyeniita simjui. Mama akasikiliza, akatutazama, akajigusa kifua na kutikisa kichwa. Siyo yeye.

Nikalipuka. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemsafisha, dada."

"Nani alikwambia ni mchafu? Lete ile ya mwanzo!"

Uso ukamshuka. Ile ya mwanzo haikuwepo. Kazi ya mteja ikiisha anafuta mabaki yote ya sauti ya mtu ili mashine ipate nafasi, na mkono wake ulifuta kwa mazoea. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akabeba spika yake akatoka bila kuaga.

Siku ya pili roho ikanisuta, nikamfuata. Nikaukuta ule mgongo, lakini ulikuwa unatikisika. Nikamgusa bega. Akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikamwagika chumbani.

Ulikuwa ukimya wa siku ile tuliyomrekodi mama. Alikata kiraka mwishoni tu, penye utulivu. Mwanzo hakuwahi kuusikiliza, nani husikiliza ukimya? Mlango unafungwa. Mama anapumua, anakohoa. Kiti kinalia. Kisha anajisemea taratibu:

"Jamani mwanangu. Kiti kimoja. Sasa huyu akichoka anaongea na nani humu? Mh!"

Nyayo zinarudi, kitasa kinazungushwa, naye haraka haraka: "Nimenyamaza, nimenyamaza."

Tulilia sote wawili, sioni haya kusema. Jina langu halimo mle. Nilitafuta, tukarudia na kurudia, halimo, na inaniuma mpaka leo. Lakini ni mama yule, na alikuwa anamwazia mtoto wake.

Tukampelekea mama asikie. Akapiga paja, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, huyo ni mimi! Halafu akamnyooshea mdogo wangu kidole, akakinyooshea na kiti cha jikoni. Asubuhi yake nilikibeba kile kiti kichwani, mama akinifuata na fimbo yake.

Sasa anashinda kule studio. Mdogo wangu anarekodi matangazo ya maduka kwa sauti yake mwenyewe, mama nyuma yake amekaa, hasemi, hawezi. Ila kiti cha jikoni ni kibovu, akijigeuza kinalia.

Juzi mwenye duka la magodoro akapiga simu akifoka kwamba kwenye tangazo lake kuna mlio wa kiti, uondolewe.

"Huo ni wa mama," mdogo wangu akamwambia. "Hautoki."