Mashine Iliyofuata Maji

Mimi hununua mawese. Nilianza na baiskeli na madumu mawili, leo nina lori, na katika safari hiyo nimejifunza kumpima muuzaji kabla hajafungua mdomo. Anayekimbilia kukuletea kiti ana shida. Anayeyasifu mafuta yake sana ameyatia maji. Anayekuuliza habari za mke, watoto, mama mkwe na mbuzi, huyo anataka usahau bei ya msimu uliopita. Lakini kuna mwanamke mmoja katika kijiji cha bondeni ambaye mpaka leo sijapata pa kumshikia.

Kijiji chenyewe ukikipita kwa haraka utadhani ni shamba tu. Michikichi imesogea mpaka kwenye kuta za nyumba, makuti yake yanakwaruza mabati upepo ukivuma, na mwenyeji halali mpaka ausikie mkwaruzo huo. Ardhi ni nyeusi na tambarare. Ukichimba shimo la nguzo, linajaa maji kabla hujaileta nguzo. Mbele ya kila nyumba kuna pipa lililokatwa nusu, limekaa juu ya mafiga, limejaa masizi. Kila kitu kimeshika rangi ya mawese: viganja, vizingiti, kanga za kazini, hata noti wanazokurudishia. Katikati kuna kisima cha maji matamu, na kando ya kisima kuna banda la kukamulia. Hapo ndipo utamkuta.

Tunamwita Mama Kaulimoja. Jina hilo tulimpa sisi wanunuzi, tena kwa hasira. Ukimuuliza bei anaitaja mara moja, kisha anarudi kuchambua machikichi yake. Ukiomba apunguze, hajibu. Ukiondoka, hakuiti. Niliwahi kuondoka kwa maringo mpaka kwenye lori, nikawasha injini, nikaiacha iungurume huku namtazama kwenye kioo, nikingoja anipungie mkono. Nilipochoka kungoja nikageuka, nikakuta anampimia mwingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye hajawahi kujitembeza.

Ni mtoto wa mkwezi, na kaka yake naye ni mkwezi. Ndiye anayeangusha mikungu ya nusu ya kijiji. Alipokuwa msichana aliolewa ng'ambo ya kinamasi, kijiji cha pili, na mwanamume mwenye mashine ya kukamulia. Watu wa kule wanamwita Bwana Mashine na hawamwonei. Aliinunua ujanani, akaijengea kibanda chenye mlango na kufuli kabla hajajenga jiko la mkewe. Mama Kaulimoja aliishi kwake miaka kadhaa, kisha talaka ikatoka, akavuka daraja la magogo na bunda lake kichwani. Walipomuuliza kulikoni, alisema hawezi kukaa nyumba ambayo mashine inapata grisi kabla mke hajapata sabuni. Alilisema hilo mara moja tu, na vijiji vyote viwili vimelikariri.

Sasa nieleze jambo lenyewe lililonifanya nimheshimu.

Ulikuja msimu ambao michikichi ilizaa kama imetukanwa. Kwa kawaida sisi wanunuzi tukiona hivyo tunafurahi, maana mkulima mwenye machikichi mengi na nguvu chache huuza mabichi, kwa bei ya kutupa, nasi tunakwenda kukamua wenyewe. Safari hiyo nilikuta wanawake wa kijiji hawauzi hata kikapu. Mama Kaulimoja alikuwa amewakusanya kisimani akawaambia wasiuze mabichi. Wayaweke pamoja bandani, wakamue kwa zamu, wauze mawese kwa sauti moja. Walimfuata. Kulikuwa na mjane aliyekuwa akingojea mafuta hayo aezeke upya, na shangazi yake mwenyewe alikuwa na mjukuu wa kupeleka shule. Wote waliweka machikichi yao chini kwa sababu ya kauli ya mtu mmoja.

Rundo lilipofika kiunoni, mashine ya banda ikakatika parafujo kubwa, ile inayobana. Fundi akaitazama, akasikitika, akasema hiyo ni ya kuchongwa mjini na mjini kuna foleni.

Asiyelijua zao hili huenda asione ubaya wake. Chikichi halingoji kama mahindi. Likishatoka kwenye mkungu, siku chache tu mafuta yake huanza kuchacha, na mawese yaliyochacha hata mtengeneza sabuni huyanunua huku amekunja uso. Kukamua kwa mikono kunawezekana kwa sufuria moja ya nyumbani. Kwa rundo lile, ilikuwa ni kumwaga bahari kwa kijiko.

Nilifika siku iliyofuata na lori tupu. Sikuona aibu, kazi ya mnunuzi ni kufika. Nikamwambia niko tayari kuyabeba yote yalivyo, nikataja bei yangu. Wanawake waliokuwa pale wakamtazama yeye, hawakunitazama mimi. Mama Kaulimoja aliokota chikichi moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha.

"Njoo na mapipa," akasema. "Magunia yako yaache nyumbani."

Nikajua amekwama. Nikajua pia kwamba hatanionyesha amekwama kiasi gani. Basi nikaegesha lori chini ya mti, nikangoja. Kungoja hakuna gharama.

Mashine nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua ilipo. Kuyabeba machikichi mpaka kule kusingefaa, kwa kuwa kazi hii inakunywa maji: kuchemsha, kuosha, kuyatenga mafuta. Na kisima cha ng'ambo kilikuwa kimeingia chumvi. Wanawake wa kule walitembea mbali kutafuta maji matamu, maana kuja kisima cha huku Bwana Mashine alikuwa amemkataza mke aliyemwoa baadaye, na wenzake wakaona haya kumpita. Kwa hiyo mashine ndiyo iliyotakiwa kuvuka. Kaka mtu, yule mkwezi, akatumwa kwenda kuiomba. Alirudi mapema akiwa amenuna. Alieleza kwamba shemeji yake, maana bado anamwita shemeji, alimpokea vizuri, akampa kiti, kisha akampa ujumbe mbele ya watu: mwambie dada yako arudi nyumbani, mashine ataikuta palepale.

Mjane akatazama rundo. Mmoja akanong'ona kwamba ndoa si jela, mtu anaweza kwenda kidogo mpaka msimu uishe. Shangazi akasema kwa sauti kwamba yeye haombi kitu, anakumbusha tu kwamba mjukuu anasoma. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya lori, nikahesabu kwamba kufikia jioni atakuja kwangu. Ningekuwa mimi, ningekuja.

Asubuhi yake nikamwona anajaza madumu mawili kisimani na kuyafunga kwenye baiskeli ya kaka yake. Nilikuwa na mafuta yangu ya kukagua ng'ambo, nikasema nitamsindikiza. Akasema njia si yake. Tukavuka lile daraja la magogo ya michikichi, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikishikilia madumu yasiyumbe, na njia nzima hakunieleza anakwenda kusema nini. Mimi nilidhani maji yale ni zawadi ya kumlainisha mwanamume. Nilikosea nyumba.

Bwana Mashine alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake, kitambaa cha kufutia begani. Mama Kaulimoja alimsalimia vizuri, kwa adabu zote, kisha akampita na baiskeli yake, akazunguka uani kwa mke wa sasa.

Mke huyo alikuwa anaosha vyombo kwa maji ya chumvi, mikono imempasuka. Ule ujumbe wa arudi nyumbani ulikuwa umetolewa mbele ya watu wote, ila yeye hakuwa ameulizwa. Alipomwona mgeni alisimama wima, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kupokea mke mwenza.

Mama Kaulimoja akafungua dumu moja, akammiminia kikombe.

"Onja, mdogo wangu," akasema. "Sikuja kuhamia. Nimekuja kukukaribisha kisimani."

Yule mwanamke akaonja. Akanywa chote. Kisha akajimiminia mwenyewe kikombe cha pili bila kuomba, na hapo ndipo mimi, mzee wa soko, nikaelewa kwamba bei imeshakubaliwa, bado kumwarifu mwenye mali.

Waliongea kwa sauti ya chini, na sehemu kubwa sikuisikia. Nilichokisikia ni kwamba kila atakayekuja na machikichi yake kisimani atakuwa na zamu yake kwenye foleni kama mwenyeji, na mwenye mashine atapata fungu lake katika kila pipa. Baada ya hapo Mama Kaulimoja akarudi mbele, kwenye kibanda. Aliitazama ile mashine kwa muda, akapitisha kidole kwenye parafujo, akakiinua. Chini ya grisi kulikuwa na kutu, nyekundu kama mawese.

"Mnaiosha kwa maji ya chumvi," akasema, si kwa kulaumu, kama mtu anayesema jua limetoka.

Bwana Mashine akapafuta mahali palepale kwa kitambaa, haraka, kama aliyeshikwa ugoni. Majirani walikuwa wameanza kusogea. Akaona ni wakati wa kuurudisha mkutano mikononi mwake.

"Ujumbe wangu uliupata?"

"Niliupata."

"Sasa?"

"Mashine yako ina miguu minne," akasema Mama Kaulimoja. "Mimi nina miwili. Mwenye miguu mingi ndiye atembee."

Watu wakacheka mpaka kuku wakahama. Bwana Mashine naye alitaka kucheka, nilimwona, mdomo ulimponyoka kidogo akaukamata. Akasema mashine haitoki pale akiwa hai. Akasema mengine pia, juu ya wanawake wanaovuka madaraja. Mama Kaulimoja akashika usukani wa baiskeli. Alikuwa ameshataja bei yake, na kama nilivyosema, yeye hataji mara mbili. Akageuza baiskeli.

Aliyejibu ni mke wa sasa. Alikuwa ametokea uani na kikapu cha machikichi kichwani, mtoto mgongoni, ndala miguuni.

"Baba Watoto," akasema, "mimi naenda kisimani na dada. Machikichi yangu ndiyo haya. Wewe baki na mashine yako mkamue grisi."

Na akaenda. Nyuma yake akafuata jirani yake mwenye ndoo, na jirani wa jirani, mpaka njia ya darajani ikawa kama ya siku ya soko. Nimeona biashara nyingi zikivunjika kwa sababu muuzaji hakujua mwenye nyumba ni nani. Mwenye nyumba ni yule anayebeba maji. Huo ni ujuzi ninaoutumia hadi leo.

Jua lilikuwa halijafika utosini wakati mashine ilipokuja. Ilikuja inaning'inia kwenye miti miwili, mabegani mwa wanaume, miguu yake minne ikielea hewani. Bwana Mashine alitembea ubavuni akiwa ameshika mkono wa chuma wa mashine, kama baba anayempeleka binti kwa mume asiyemwamini. Kwenye daraja aliwafokea wapagazi kila hatua. Mkwezi akamwambia, "Pole, shemeji. Mtoto akikua lazima aondoke," na walipofika bandani Bwana Mashine ndiye aliyeiosha mwenyewe, kwa maji matamu, ndoo baada ya ndoo, mpaka kutu ikaachia.

Walikamua kwa zamu, wa huku na wa ng'ambo katika foleni moja. Machikichi ya chini kabisa ya rundo yalikuwa yameanza kulainika kupita kiasi. Hayo Mama Kaulimoja aliyatenga akasema ni ya sabuni, wala hakutaka kunichanganyia. Mengine yalitoa mafuta mazito, mekundu, safi. Niliporudi na mapipa nikataja bei. Naye akataja yake. Nikaenda mpaka kwenye lori, kwa mazoea tu, nikawasha injini, nikaizima, nikarudi. Mjane ana bati jipya sasa, na mjukuu wa shangazi anasoma, ingawa shangazi husema ni kwa sababu ya maombi yake.

Parafujo ya mjini ilifika msimu ukiwa karibu kwisha. Bwana Mashine alipokuja na wabebaji wake kuchukua mali yake, mkewe alikuwa bandani anachambua machikichi pamoja na wenzake. Akamwambia kama anaipeleka nyumbani, aipeleke pia na kisima. Mume akakitazama kisima. Kisha akawarudisha wabebaji.

Basi ziko pale, mashine mbili kando ya kisima kimoja, na banda limeongezwa upande. Bwana Mashine huja mara kwa mara na kopo lake la grisi, na akishaipaka, wanawake humtaka ashike mpini, naye huzungusha akilalamika mgongo. Safari moja nilimkuta amekuja na kopo, na mche wa sabuni umefungwa kwenye gazeti. Aliipaka mashine grisi. Kisha akaweka ule mche kwenye ukingo wa kisima, karibu na alipokuwa Mama Kaulimoja, akajifanya anakagua kamba ya ndoo.

Mama Kaulimoja akafungua gazeti, akaitazama ile sabuni, kisha akamtazama yeye mwenye kopo la grisi. Akageuka akamkabidhi mke wa sasa.

"Yako hii, mdogo wangu," akasema. "Imechelewa tu njiani."

Akarudi kuchambua machikichi. Mimi nikamuuliza bei.